Kinga ya VVU kwa Vijana wa Kimaasai: Mwongozo Kamili wa Mwelimishaji Rika

Muulize mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili Longido au Kajiado VVU vinaambukizwaje, atakutajia zote bila kupumua: ngono bila kinga, damu, vifaa vyenye ncha kali, mama kwenda kwa mtoto. Ukimuuliza atamwambiaje mpenzi wake kwamba anataka wakapime wote wawili, atainamisha kichwa na kuanza kuchora mchanga kwa fimbo. Mabango na semina vimeshamaliza kazi ya kwanza, ya kumjulisha. Ya pili, ya kumfanya aweze kusema, kuuliza, kukataa na kwenda, karibu haijaguswa, na ndiyo ninayoizungumzia hapa.

Mwongozo huu ni wa mwelimishaji rika, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwalimu wa bweni, au kiongozi wa kikundi cha vijana wa Kimaasai upande wowote wa mpaka wa Tanzania na Kenya. Anayefanya kazi na Wasamburu, Wabarabaig, Waogiek au Wahadzabe atapata ya kuchukua, ila asichukue yote. Mhadzabe hana rika la morani, na mpango uliojengwa juu ya rika utamwachia nusu ya kundi nje.

Hatua ya 1: Jua hatari iko wapi kabla hujafungua mdomo

Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2022–2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU. Njombe ni 12.7. Manyara, mkoa wenye Wamaasai wengi wa Simanjiro na Kiteto, uko kwenye kundi la mikoa ya chini kabisa. Habari njema, lakini ina mtego wake: inawapa watu sababu ya kusema huu ni ugonjwa wa mjini.

Sasa angalia mji ulivyo karibu. Mirerani, kwenye machimbo ya tanzanite, iko ndani ya Simanjiro hiyohiyo. Namanga, mpakani, malori yanalala. Vijana wanashuka Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar kufanya ulinzi, kusuka nywele, kuuza dawa za miti na shanga kwa watalii, kisha wanarudi boma kwa sherehe. Na boma lenyewe halijafungwa: watu wa rika moja wanakaribishana mpaka nyumba za wake zao, mwanamume ana wake zaidi ya mmoja, wasichana wanaolewa na watu wanaowazidi umri kwa mbali. Katika mtandao wa namna hiyo, virusi vikiingia kwa mtu mmoja havikai kwake peke yake.

Kusini mwa Sahara kwa ujumla, wasichana wa miaka 15 hadi 24 wanaambukizwa zaidi kuliko wavulana wa umri wao. Kimaumbile wako hatarini zaidi, lakini sababu kubwa ni kwamba mara nyingi mwanamume amewazidi umri, na aliyezidiwa umri hapangi masharti.

Niseme na hili, maana linanikera. Kuna mabango yanayochora morani na mkuki wake kana kwamba mila ndiyo kirusi. Zahanati iliyo umbali wa nusu siku kwa miguu, yenye mhudumu mmoja asiyesema Kimaa, nayo ni hatari ya VVU. Ukienda kijijini na lawama kwa mila peke yake, utasikilizwa kwa adabu, utapewa chai, na hutaitwa tena.

Hatua ya 2: Pita mlango wenye wenyewe

Usianze na vijana. Morani wana walezi wao, wazee wa rika lililowatangulia kwa hatua mbili, waitwao olpiron. Hao ndio waliowawashia moto wa rika lao na ndio wenye kauli kwao. Nenda kwa laigwanani, kiongozi wa kimila, umweleze, naye atakuonyesha wazee hao. Waambie mambo matatu: utafundisha nini, nani atakuwepo, na nini hutafanya. Hilo la tatu ndilo linalofungua mlango. Sema wazi kwamba hutamweka binti kwenye kikao kimoja na watu wa rika la baba yake, na kwamba hutapiga picha.

Kwa wasichana, mlango ni wanawake wenye umri, hasa akina bibi. Koko anaruhusiwa kutania mambo ambayo mama hawezi kuyagusa. Mpe bibi mmoja nafasi kwenye kikao cha kwanza awasimulie enzi zake, kisha wewe endelea kutoka alipoishia.

Ukisikia mtu anasema wazee wa Kimaasai hawabadiliki, mkumbushe Nice Nailantei Leng'ete wa Kimana, Kenya. Utotoni alikimbia ukeketaji. Alipotaka kuuzungumzia, mila haikumpa msichana kama yeye nafasi ya kusimama mbele ya wazee, akaanza na morani wachache waliokubali kumsikiliza. Alikwenda hivyo kwa miaka mpaka wazee wakamfungulia, na mwishowe wakamkabidhi fimbo nyeusi ya uongozi. Mwaka 2018 jarida la Time lilimweka kwenye orodha yake ya watu 100 wenye ushawishi duniani. Zingatia utaratibu alioufuata: wachache, kisha rika, kisha wazee.

Hatua ya 3: Panga kundi, mahali na mipaka ya siri

Watu 8 hadi 12 wanatosha. Tenganisha wasichana na wavulana kwa vikao vya mwanzo, na tenganisha umri: wa miaka 10 hadi 14 wana maswali yao ya balehe, hedhi na kuguswa wasikotaka, wa 15 hadi 19 wana yao, wenye 20 na zaidi wengine wameshaoa au kuolewa. Kuwachanganya ni kuwanyamazisha wote.

Mahali pawe mbali na zizi na mbali na njia ya maji, kwa sababu njiani kila mtu anapita na kila mtu ana masikio. Chini ya mgunga mmoja unaojulikana panatosha. Usipange saa ya kukamua wala siku ya mnada.

Siri ina mpaka, na mpaka huo uutaje siku ya kwanza. Waambie: "Mtakayosema hapa yatabaki hapa, isipokuwa nikisikia mtoto anaumizwa. Hapo sitanyamaza." Kwa sheria za nchi zote mbili mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inamtaka mwanajamii anayejua mtoto anadhulumiwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Simu ya bure ya watoto ni 116 Tanzania na Kenya. Kenya kuna pia 1195 kwa ukatili wa kijinsia. Kijana akiyajua hayo mapema, hatajiona amesalitiwa baadaye.

Hatua ya 4: Maneno yapite mdomoni

Kabla ya kondomu, kabla ya kipimo, kuna maneno. Kijana asiyeweza kutamka sehemu zake za siri hataweza kumwambia nesi kwamba ana kidonda hapo. Atasema "naumwa tumbo", atapewa dawa ya tumbo, na kisonono kitaendelea.

Fanya hivi. Waombe wataje majina yote wanayoyajua ya uume, uke, shahawa na hedhi: ya Kimaa, ya Kiswahili, ya mtaani. Watacheka. Waache wacheke mpaka kicheko kiishe chenyewe, usiwakaripie. Kisha wachague wenyewe jina la kutumia mbele ya nesi na jina la kutumia kwa mpenzi. Kila mmoja alitamke mara moja kwa sauti ya kawaida. Siku ya kwanza wengine watanong'ona. Siku ya tatu hawatanong'ona.

Sanduku la maswali, lile la kuandika na kutumbukiza karatasi, linawaacha nje wasiojua kuandika. Morani wengi wana simu, basi watumie ujumbe wa sauti. Asiye na simu aulize kwa njia ya rafiki: "Kuna rafiki yangu anakojoa na kusikia moto, afanye nini?" Mjibu kwa ajili ya rafiki huyo, wala usimkazie macho.

Nyimbo zinasaidia pia. Morani anatunga kila siku, na beti zinasafiri kuliko semina. Kanada, vijana wa mataifa ya asili wamezungumzia VVU kwa hip hop, uchongaji na picha walizotengeneza wenyewe. Laikipia nchini Kenya, Maasai Cricket Warriors wanacheza kriketi wakiwa wamevaa shuka na shanga, na kwenye viwanja vyao wanazungumzia ukeketaji na UKIMWI. Chochote ambacho vijana wako tayari wanakipenda, kianzie hapo.

Hatua ya 5: Mazoezi ya mazungumzo

Hiki ndicho kikao nisichokubali kikatwe, hata muda ukiwa mfupi. Kwa vijana wenye umri wa kutosha, waigize wawili wawili. Tuseme Naserian ana miaka 20, Lemayian ana 23. Mara ya kwanza huwa hivi:

"Lemayian, nilikuwa nataka… labda kama inawezekana… basi, tuache."

Hapo simamisha. Uliza kundi: alitaka kusema nini? Watasema wote. Basi yote hayo yaingie kwenye sentensi moja fupi yenye siku ndani yake. Rudieni:

"Lemayian, nataka tupime wote wawili kabla hatujalala pamoja. Twende Jumatano."
"Kwa hiyo huniamini?"
"Nakuamini. Na mimi mwenyewe sijapima."
"Mimi ni morani, nimetahiriwa. Nina ugonjwa gani?"
"Tohara haitoi majibu. Kipimo ndicho kinatoa."
"Nikikataa?"
"Tutapiga stori, tutakunywa chai, kila mtu atarudi kwao."

Angalia kilichobadilika. Hakumtukana, hakumhubiria, na hakujitetea kwa maneno mengi. "Na mimi mwenyewe sijapima" imeondoa shutuma. Jumatano imefanya jambo liwe safari, na kijana wa Kimaasai anajua kupanga safari. Jibu la mwisho halina hasira, kwa hiyo halina pa kushikia ugomvi.

Wabadilishane nafasi. Wavulana nao waigize, maana ni wavulana wanaochekwa na wenzao wakisema "nimeamua kusubiri" au "sina kondomu, basi leo hapana". Waigize morani anayetaniwa na rika lake. Kumkatalia mpenzi ni rahisi kuliko kulikatalia rika, kila morani atakuambia hivyo.

Onyo moja kwa mwelimishaji: usimfundishe msichana kwamba akijiamini vya kutosha hatabakwa. Kubakwa ni kosa la anayebaka. Mazoezi haya ni ya pale ambapo kuna mtu wa kuzungumza naye.

Hatua ya 6: Kondomu mkononi

Kila mmoja aishike na aivalishe mwenyewe kwenye kijiti au ndizi. Kutazama hakumfundishi mtu. Mfuatano ni huu. Soma tarehe ya mwisho. Bonyeza pakiti uone kama ina hewa. Sukuma kondomu pembeni, chana ukingo kwa vidole, usitumie meno wala sime. Minya ncha kutoa hewa, iweke kwenye uume uliosimama, ikunjue mpaka shinani. Ukimaliza, shika shina ukitoa uume kabla haujalegea. Funga fundo, tupa kwenye choo cha shimo au ifukie kwa kina. Usiitupe karibu na zizi, mbuzi watakuaibisha.

Sasa mambo ya kwetu ambayo vipeperushi haviyasemi. Mafuta ya mnyama, siagi, na ule mchanganyiko wa mafuta na udongo mwekundu anaojipaka morani huharibu mpira wa kondomu upesi. Vaselini pia, na losheni. Mikono ioshwe kwanza. Kilainishi kiwe cha maji. Tena, kondomu iliyokaa kwenye mkanda au pochi wiki nzima chini ya jua la Longido imeshaiva. Iache kwenye sanduku kivulini, utembee na mbili tu.

Kuna pingamizi utakalolisikia kwa wazee na vijana: kondomu inapoteza mbegu, na mbegu ni uhai. Usicheke. Kwao hilo ni jambo zito, linahusu kizazi na ukuaji wa mtu. Jibu linaloeleweka ni la utunzaji: siku mnayotaka mtoto, mkiwa mmepima wote na mmekubaliana, hakuna kondomu. Siku nyingine zote mnalinda nyumba itakayompokea huyo mtoto. Kaswende inaharibu mimba. Kisonono na klamidia zisizotibiwa zinaziba mirija ya uzazi. Mwanamume anayetaka watoto wengi ana sababu zaidi ya wengine za kujikinga.

Kondomu ya kike ipo pia, na mwanamke anaivaa mwenyewe kabla ya tendo. Waonyeshe namna ya kuitumia kama inapatikana kituoni kwenu.

Hatua ya 7: Tohara isemwe kwa ukweli wake

Majaribio yaliyofanyika Afrika Kusini, Kisumu na Rakai yalionyesha kwamba tohara ya kitabibu inampunguzia mwanamume uwezekano wa kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Kumpunguzia si kumkinga kabisa, na mke wake hapati ulinzi huo moja kwa moja.

Halafu kuna la kwetu. Tohara ya jadi ya Kimaasai huacha sehemu ya govi ikining'inia, wakati ulinzi uliopimwa ni wa govi kuondolewa lote. Kwa hiyo "nimetahiriwa" ya morani huenda si "nimetahiriwa" ya mabango ya serikali. Hili liseme mbele ya wazee kwanza, kwa upole, usiliibue mbele ya vijana. Si lazima sherehe iguswe: kunyolewa, ng'ombe, maziwa, nyimbo, vyote vibaki, na mtaalamu wa afya aitwe kukata. Wakikataa, kuna jambo moja lisilojadiliwa: kila mvulana na wembe wake mpya. Kidonda kikaushwe, hakuna ngono kwa wiki 6.

Ukeketaji wa wasichana ni habari nyingine kabisa. Hauna faida yoyote ya kiafya na sheria imeukataza. Kenya ina sheria yake maalumu ya 2011. Usiuweke kwenye kikao kimoja na tohara ya wavulana kana kwamba ni mapacha.

Hatua ya 8: Kupima, na benchi la zahanati

Tanzania ilibadili sheria mwaka 2019: kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila idhini ya mzazi, na kujipima mwenyewe kukaruhusiwa. Kenya, sheria inamruhusu aliye chini ya miaka 18 kuridhia mwenyewe ikiwa ni mjamzito, ameolewa, ni mzazi, au mwenendo wake unamweka hatarini.

Kipimo ni tone la damu ya kidole, majibu ni ndani ya nusu saa. Kinachokimbiza vijana ni benchi. Benchi la zahanati nyingi linatazama barabara, na siku ya mnada nusu ya kata inapita hapo. Shangazi ataona, jirani ataona, na jioni boma litajua. Basi nenda wewe kwanza, peke yako, uzungumze na mhudumu. Muulize: siku gani hakuna watu? Kuna chumba kingine? Nani anasema Kimaa, na je, mkalimani huyo ni ndugu wa watu wa kijiji gani? Mkalimani asiye sahihi ni mbaya kuliko kukosa mkalimani.

Kisha wapeleke vijana kutembea tu, siku ya kawaida. Waone chumba, wamsalimie mhudumu, wajue mlango wa kuingilia na wa kutokea. Hakuna kupima siku hiyo. Atakayerudi peke yake wiki inayofuata, ndiye uliyemjengea kujiamini.

Kipimo cha mate cha kujipima kinafaa kwa aliye mbali. Usile wala usinywe robo saa kabla, pitisha kijiti kwenye fizi za juu na chini, subiri dakika zilizoandikwa kwenye karatasi, usisome nje ya muda huo. Kikionyesha mistari miwili, hayo bado si majibu ya mwisho. Lazima yathibitishwe kituoni. Kikionyesha mmoja na ulikuwa kwenye hatari ndani ya miezi 3 iliyopita, rudia baada ya miezi 3 kutimia. Na mtu anayetumia ARV, dawa za kufubaza VVU, asijipime kwa mate ili kuona kama "amepona". Kinaweza kumdanganya.

Hatua ya 9: Dawa kabla na dawa baada

Zina majina yanayofanana na vijana wanazichanganya. PEP ni ya baada ya hatari: kondomu imepasuka, umebakwa, umechomwa na kitu chenye damu. Ianze ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na inywewe siku 28 bila kukosa. Saa 72 ni siku 3, na kutoka ronjo, kambi ya muda ya wachungaji, hadi kituo cha afya siku moja inaweza kuishia njiani. Kwa hiyo kijana ajue leo ni kituo gani chenye PEP, maana zahanati nyingine hazina. Aliyebakwa aende kituoni kwanza, asioge, nguo zake aziweke kwenye mfuko wa karatasi. Tanzania ataambiwa habari ya PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Hiyo ni ya kesi, na matibabu ya dharura hayapaswi kuisubiri. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba inafanya kazi ndani ya siku 5.

PrEP ni ya kabla, kwa asiye na maambukizi. Kidonge kimoja kila siku. Kinywewe siku 7 mfululizo kabla ya kukitegemea. Kenya ilianza kukitoa kitaifa mwaka 2017. Tatizo lake boma ni kelele: chupa inagongagonga, mtu anaisikia, na kwa kuwa inafanana na ya ARV, maneno yanaanza. Weka pamba juu ya vidonge. Anayekwenda na ng'ombe mbali wakati wa kiangazi aombe dozi ya miezi 3. PrEP haizuii kaswende, kisonono wala mimba.

Zipo na sindano. Ya kabotegraviri inachomwa kila baada ya miezi 2. Ya lenakapaviri ni mara 2 kwa mwaka. Katika jaribio lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, kati ya wasichana na wanawake 2,134 walioipata hakuna hata mmoja aliyeambukizwa, na Julai 2025 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Kwa jamii inayohama na mifugo sioni kinga inayoifaa kuliko hiyo. Ulizia wilayani kwenu kama imefika.

Hatua ya 10: Majibu yakiwa chanya

Kaa naye. Usimkimbizie takwimu. Mwambie mambo mawili tu siku hiyo: dawa ni kidonge kimoja kwa siku na inaweza kuanza leoleo; na akiinywa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo cha wingi wa virusi, hatamwambukiza mpenzi wake kwa ngono. Mama anayetumia dawa anaweza kuzaa na kunyonyesha mtoto asiye na VVU. Mengine yatakuja.

Usimtangazie mtu, hata kama unaona ni kwa wema, hata kama laigwanani ndiye anayeuliza. Sheria za nchi zote mbili zinalinda siri hiyo. Kijana achague mtu mmoja wa kumwambia na apange maneno kama kwenye hatua ya 5. Wengi watamchagua bibi. Dawa za mitishamba asizifiche kwa mhudumu. Supu ya mizizi nayo aitaje: baadhi ya miti inagongana na dawa, na mhudumu hawezi kujua asichoambiwa.

Hatua ya 11: Kijana anapoondoka

Kila mwaka baada ya mvua kushindwa, au baada ya sherehe kuisha, watashuka mjini. Kabla hajapanda basi, hakikisha ana namba ya kituo kimoja cha afya huko aendako, namba yako, na 116 kama ni mtoto. Mwambie mji una vituo vyenye kona za vijana ambako hakuna shangazi. Anayetumia ARV aombe barua ya uhamisho, au walau aandike namba yake ya CTC (kliniki ya tiba na matunzo) mahali ambapo simu ikiibiwa haitapotea nayo. Achukue dawa za kumtosha safari na mwezi wa kwanza, azibebe kwenye begi la mkononi. La kwenye buti la basi linaweza kushuka Chalinze na yeye akafika Dar.